Sista Aliyekwenda Kujisema

Nilimkasirikia Sista Asenath siku kumi na moja mfululizo. Wala si kwa siri. Nilimnunia waziwazi, salamu zake nikiziitikia nusu nusu, chai aliyonitilia nikaiacha mezani mpaka ikafanya ngozi. Nasema haya mapema ili mtu asidhani nimekuja hapa kumpamba. Hasira zangu ziko karibu, mume wangu anajua na majirani wanajua. Lakini nimefanya kazi na yule mwanamke miaka sita, na leo ukiniuliza muuguzi ni mtu wa namna gani, sina mwingine wa kukutajia.

Mimi ni Fahima, mzaliwa wa Ozi, nimeolewa hapa Garsen. Ni mhudumu wa afya wa kijiji: napita nyumba kwa nyumba kuuliza nani mjamzito, mtoto gani hajachanjwa, nani anakohoa. Sina cheti cha uuguzi wala leseni, nina miguu na ulimi tu. Kisomali nilikiokota dukani kwa shemeji yangu, nikakikalia vizuri, mpaka wachungaji wakinisikia hudhani nimezaliwa kwao. Asenath yeye ni Mpokomo wa Golbanti, binti ya Mzee Komora, mkulima wa mpunga na migomba. Alipomaliza chuo wenzake walikimbilia Mombasa na Nairobi. Yeye akaomba arudishwe mtoni, akaletwa kwenye zahanati yetu hii ndogo.

Ana mambo yake. Kabla ya kumchoma mtoto humwomba radhi: "Nisamehe, mwanangu, ni mara moja tu." Mtoto mwenyewe ana wiki sita, anamkodolea macho, hajui hata kama ana miguu. Tena akishika chupa ya dawa husoma maandishi yake kwa sauti, hata akiwa peke yake chumbani. Nikamwambia siku moja, "Sista, chupa haina masikio." Akacheka akasema, "Mimi ndiye mwenye masikio, Bi Fahima." Siku yenye watoto wengi husahau kusoma, na hapo ndipo kisa chetu kilipoanzia.

Ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja kwa pikipiki, kuna kambi ya Mzee Abdirahman. Ni wachungaji wa Kisomali. Ukame ukizidi huteremka na ng'ombe wao kwenye majani ya huku chini, na mvua ikinyesha upande wa Bangale hung'oa vibanda vyao wakaenda, usiwaone tena mpaka mwaka mwingine. Kambi ile ilikuwa haitaki sindano. Kuna mtu aliwaambia zinawafanya wasichana wawe tasa, na neno kama hilo likishaingia kwa kina mama halitoki kwa mhadhara. Nilikwenda miaka miwili. Nilikunywa maziwa yao, nikakaa kwenye matanga yao, nikawashika mkono wajawazito wao. Wa mwisho kukubali alikuwa Nurto, mama wa binti mmoja wa miezi mitatu, aliyempata baada ya kupoteza wawili kwa kifaduro. Aliniambia, "Fahima, nakupa huyu kwa sababu ni wewe." Maneno hayo nililala nayo.

Siku ya kwenda tuliamka na umeme umekatika na joto limeshasimama. Mwenye mtumbwi huvusha mara mbili tu kwa siku, na pikipiki lazima ipakiwe mapema. Najib wa boda boda alikuwa nje anapiga honi kana kwamba tumemwibia. Asenath alikuwa ndani anapanga boksi la chanjo. Sasa, pakiti za barafu zikitoka kwenye friza haziwekwi moja kwa moja na chupa. Zinalazwa mezani kwanza zitoke jasho, mpaka ukitikisa pakiti usikie maji yakicheza ndani. Siku ile meza haikuziona. Alizitazama, akatazama saa, Najib akapiga honi tena, akazitia zilivyo, ngumu kama mawe. Sisi watu wa huku tunaogopa joto tu. Nani aliwahi kuona kitu kikiharibika Garsen kwa baridi?

Tulichanja watoto thelathini na saba chini ya turubai. Asenath alikuwa amepiga magoti mkekani, anavuta dawa, anachoma, anaandika, na mimi nyuma yake natoa chupa kwenye boksi nampa. Nikashika moja nikaona imeganda kama aiskrimu. Ya pili vilevile. Nikasema moyoni, haya, maskini Sista, akizipokea hivi atachelewa na mtumbwi utatuacha. Nikazisugua viganjani, nikazitia kwapani kidogo, zikayeyuka, nikampa. Nilizisugua zote nne. Sikumwambia, kwa sababu sikuona kuna la kuambiwa. Nilijiona nimesaidia.

Nilimwambia wakati wa kurudi, tukingoja mtumbwi, tena kwa majivuno. "Leo bila mimi ungekesha kule," nikasema. "Chupa zako zilikuwa barafu tupu. Nimekuyeyushia zote kwa mikono hii."

Aligeuka akanitazama. "Chupa zipi?"

"Zile za sindano ya paja."

Njia nzima hadi Garsen alikuwa amelipakata boksi, amefumba macho. Nilidhani amechoka.

Tulipofika zahanati hakuvua hata viatu. Chupa ya tano, ambayo hatukuihitaji, ilikuwa imerudi haijafunguliwa. Akaitoa, akachukua nyingine kwenye friji, ya aina ileile, akaigandisha makusudi usiku kucha. Asubuhi akaiyeyusha, akazitikisa zote mbili na kuzisimamisha dirishani, akaniita nione. Chanjo nzima ikitikiswa hubaki imechanganyika, nyeupe kama tui. Zile mbili zilianza kutuama zote kwa pamoja, weupe ukashuka chini na juu kukabaki maji, kama maji ya mto ukiyaacha kwenye ndoo. Akanieleza polepole. Joto likiizidi chanjo, alama iliyo kwenye chupa hubadilika rangi, unaitupa. Ikiganda hakuna alama yoyote. Ukiiyeyusha inaonekana ileile, na ndani imeshakufa. Haimdhuru mtoto, lakini haimkingi na kifaduro wala dondakoo wala pepopunda.

"Kwa hiyo wale watoto," nikasema.

"Wale watoto hawajachanjwa, Bi Fahima. Mama zao wanajua wamechanjwa."

Nikakaa juu ya ndoo ya taka.

Mkuu wa zahanati yetu ni Karisa. Si daktari wa digrii lakini sisi humwita daktari, na ni mtu mwema, msije mkamchukia. Aliyesimamia uzazi wangu wa mwisho ni yeye. Asenath alimweleza yote mbele yangu, akaweka zile chupa mbili mezani. Karisa alizitazama sana, kisha akafunga mlango.

"Hakuna mtoto aliyekufa," akasema. "Mwezi ujao wana dozi nyingine. Tutawaongezea moja mwishoni, tuseme ni nyongeza. Nani ataumia?"

"Mwezi ujao watakuwa Bangale. Mawingu yameshaanza kule."

"Basi peleka nyongeza wiki hii. Lakini usiandike." Karisa akapangusa uso. "Na kama lazima uandike, andika kilichotokea. Aliyeziyeyusha ni mhudumu wa kijiji. Yeye hana leseni ya kupoteza."

Alisema hivyo bila kunitazama, nami nimesimama pale pale. Na kusema kweli, mikono iliyoyeyusha ilikuwa yangu.

"Aliyefunga boksi bila kungoja barafu itoke jasho ni mimi," Asenath akasema. "Aliyepaswa kumfundisha Bi Fahima kwamba chupa ikiganda haitumiki ni mimi, na miaka sita sijamfundisha. Aliyepaswa kuisoma kila chupa kabla ya kuvuta dawa ni mimi. Yeye kosa lake nini? Kunihurumia?"

"Sista, ukiufungua mlango huu, nani atabaki ndani? Hata mimi nina makosa yangu."

"Yaandike, daktari," akamwambia, bila ukali wowote.

Akaketi akaandika ripoti kurasa mbili, akatia sahihi, akaomba wauguzi wenzake wa kaunti, kule Hola makao makuu, wakae wamsikilize. Hadi hapo sikuwa na hasira naye. Nilikuwa na machozi. Hasira ilinipanda aliponiambia kwamba Hola wakishamsikiliza, tutakwenda kambini, na ataketi mbele ya kina mama awaambie kwa mdomo wake.

"Waambie Hola," nikasema. "Waambie Nairobi ukitaka. Usimwambie Nurto."

"Mtoto ni wa Nurto."

"Na miaka miwili ni yangu! Ukiwaambia dawa ilikuwa imekufa, hawatasikia kitu kingine. Watasema tumewachoma maji. Watoto watakosa hii na watakosa zote. Unataka kutua mzigo wako juu ya vichwa vya watoto wa watu."

Nilimpiga pale penye kidonda, na niliona neno limeingia. Akasema, "Inawezekana, Bi Fahima. Lakini siwezi kuwashika watoto wao mara ya pili kwa uongo." Tangu hapo nikamnunia.

Hola nilikwenda naye kama shahidi. Walikaa wauguzi wanne, wakubwa wake kwa kazi, kwenye chumba chenye feni isiyozunguka. Aliyeongoza ni Mama Priscilla, mwanamke wa nywele za mvi aliyewahi kumfundisha. Hawakumbembeleza. Walimuuliza barafu ilikaa dakika ngapi, watoto wangapi kwa kila chupa, kwa nini hakuisoma. Alijibu kila swali bila kulitafutia pa kujificha. Mama Priscilla akamuuliza, "Umekuja mwenyewe kwa nini? Hakuna aliyelalamika."

"Wa kulalamika ana miezi mitatu, Mama. Hajui kusema."

Walimtoa nje, wakamwita tena. Miezi mitatu asiguse sindano yoyote, apitie mafunzo upya na apimwe. Watoto warudiwe kabla kambi haijahama, na atakayechoma ni muuguzi mwingine, kijana anayeitwa Caleb. Mimi nifundishwe rasmi kazi ya boksi. Asenath aliomba kitu kimoja tu, aende kambini yeye mwenyewe kuwaeleza. Wakamruhusu. Alipotoka aliificha mikono yake kwenye leso. Sindano ndiyo kazi yake nzima aliyoipenda, na ilichukuliwa na watu anaowaheshimu, kwa ombi lake mwenyewe. Nilitaka kumshika, lakini nilikuwa bado nimenuna, nikatazama pembeni.

Tulifika kambini tukakuta baadhi ya vibanda vimeshavuliwa mikeka na ngamia wawili wanafungwa mizigo. Mvua ilikuwa imenyesha Bangale juzi yake. Asubuhi ya kesho yake wangeondoka. Kina mama wakaketi, Mzee Abdirahman kwenye kigoda chake, Caleb nyuma na boksi lililofungwa inavyotakiwa. Asenath hakuwa na sare. Alikuja na dera na leso, akasimama mbele yao akasema kwa Kiswahili:

"Nilifanya kosa. Dawa niliyowachoma watoto wenu ilikuwa imeharibika mikononi mwangu, haitawakinga. Nimekuja kuwaambia na kuwaomba radhi, na kuwaomba mkubali wachomwe tena, na huyu kaka."

Kisha akanigeukia mimi nitafsiri.

Kiswahili cha kina mama wale na mzee wao ni cha sokoni tu, kilo na bei. Asenath naye hajui Kisomali zaidi ya salamu. Wote walikuwa wananitazama mimi. Nikatazama ile mizigo, nikamtazama Nurto na binti yake mgongoni, nikapiga moyo konde. Nikasema kwa Kisomali, "Sista anawasalimu. Serikali imeongeza sindano moja ya nguvu kwa watoto wanaosafiri mbali. Amekuja kuwaaga na kuwaomba muwalete."

Walifurahi. Mama mmoja akamwombea Asenath dua. Wakaanza kusimama na watoto, wakajipanga mbele ya Caleb, na Nurto akapita karibu na Asenath akamgusa bega akitabasamu. Nikajiambia, umeokoa watoto thelathini na saba, Fahima, kwa sentensi tatu.

Asenath akanishika mkono. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi shingoni. "Bi Fahima," akasema, "wamenisamehe hivi hivi? Hawakuuliza hata kitu?" Alikuwa anacheka na kulia. Siku kumi na moja alikuwa hali chakula kikamtulia, na sasa alikuwa anashukuru msamaha wa kosa ambalo wenyewe hawakuambiwa.

Hapo sikuweza. Wallahi nilijaribu kunyamaza, nikashindwa. Nikampigia kelele Caleb asimame, na mtoto wa kwanza ameshavuliwa nguo. Nikawaambia kina mama wakae. Nikasema tena kwa Kisomali, mara hii yote: kwamba nimewadanganya sasa hivi, kwamba Sista amesema hivi na hivi, kwamba dawa iliganda na aliyeiyeyusha ni mimi, kwa viganja hivi, na kwamba yeye alikwenda Hola kujisema akazuiwa sindano. Kisha nikamgeukia Asenath nikamwambia kwa Kiswahili nilichokuwa nimefanya. Uso wake ulibadilika, lakini hakunigombeza. Alisema tu, "Asante kwa kurudi."

Mambo yakawa kama nilivyoyaogopa. Mama mmoja akamfunga mtoto wake mgongoni akaondoka bila neno. Wengine wakamfuata, nikawahesabu mpaka wanane. Ayan, dada wa Nurto, aliniambia maneno ambayo sitayarudia, na yote nilistahili. Mzee Abdirahman akatazama chini. Caleb masikini akawa anafunga na kufungua kifuniko cha boksi.

Nurto alikuwa bado amekaa. Akaniuliza, "Waliokuja kuchanja kambi nyingine, miaka yote hii, hawakukosea hata mmoja?"

Nikasema, "Sijui, Nurto."

"Mimi pia sijui. Hakuna aliyerudi." Akamfungua binti yake mgongoni, akaenda naye moja kwa moja kwa Asenath. "Mwambie amchome huyu."

Nikatafsiri. Asenath akatikisa kichwa. "Mwambie siruhusiwi. Mwambie nilikwenda mwenyewe kuwaambia wakubwa wangu, na nikikiuka leo, kwenda kule kulikuwa bure."

Nurto alisikiliza mpaka mwisho. Alimtazama Caleb kutoka juu hadi chini, kijana wa watu hakuwa na kosa lolote. Kisha akaketi mkekani akamvuta Asenath kwa leso yake akae, akamlaza mtoto mapajani mwake.

"Basi amshike yeye," akasema. "Huyu mwingine achome. Lakini nikipatwa na jambo huko niendako, nitamtafuta huyu, kwa sababu huyo kijana sijui kama akikosea atarudi kuniambia."

Kina mama waliobaki wakasogea nyuma yake na watoto wao, na kila mmoja akamweka wake mapajani mwa Asenath. Walikuwa ishirini na tisa. Asenath alikuwa ananitazama, anangoja nimwambie Nurto amesema nini. Nikamtafsiria yote, neno kwa neno, sikupunguza wala sikuongeza.